Elki wa Pili wa Ardis

Ardis Lindquist alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita alipojibana kwenye dawati la shule, katikati ya watoto wa miaka kumi na miwili, kujifunza kuwinda. Magoti hayakuingia chini ya dawati. Watoto wale aliwajua wote kwa majina, maana ndiye aliyewapikia chakula cha mchana tangu darasa la kwanza, nao walimcheka bila kujificha. Mmoja akamwuliza, "Bi Ardis, ukifeli utarudia darasa?"

"Nikifeli nitawapikia maharage wiki nzima," akamjibu, "na nyinyi ndio mtakaojuta."

Mimi nilikuwa nafanya naye kazi jikoni pale shuleni Kessler. Miaka kumi na moja, yeye kwenye majiko, mimi kwenye oveni na masinki. Kwa hiyo haya mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinihadithia mwenyewe tukimenya viazi.

Hakuwa mtu wa milimani. Alizaliwa upande wa mashariki wa jimbo letu la Montana, kwenye tambarare ya ngano, akaja huku kwetu kwa ndoa. Mumewe, Gordy, alikuwa fundi wa msumeno kwenye kiwanda cha mbao, na kila Novemba kwa miaka ishirini Gordy alirudi na elki nyuma ya pikapu. Huku kwetu elki ndiye nyama. Ni wa ukoo wa paa, lakini jike mmoja tu ana karibu nusu ya uzito wa ng'ombe wa maziwa, na akishakatwakatwa na kugandishwa analisha nyumba mpaka majani yachipue. Halafu siku moja gogo likateleza kiwandani likamponda Gordy mgongo. Hakufa. Anatembea kwa fimbo, kutoka kitandani hadi mezani, kutoka mezani hadi barazani, basi.

Friza yao ikakaa tupu majira mawili ya baridi. Majirani walipeleka vifurushi, nami nilipeleka. Gordy alishukuru vizuri sana, na mlango ukishafungwa anakisukuma kile kifurushi mbali kana kwamba kinanuka. "Nalishwa kama paka," alimwambia mkewe. Siku aliyosema hivyo mara ya tatu, Ardis akasema atakwenda yeye mlimani.

Mwalimu wa darasa lile la uwindaji alikuwa baba mkwe wake, Merle Lindquist. Mzee wa miaka sabini na sita, mrefu, mkavu, masikio makubwa yaliyobabuliwa na baridi. Alifundisha bure miaka thelathini na moja, kila vuli na kila majira ya machipuko, katika ukumbi wa shule. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake, wakiwemo wanangu wote wawili, akiwemo pia Teague, ambaye leo ndiye askari wa wanyamapori wa wilaya yetu. Merle hakupenda mzaha darasani. Alikuwa akipiga ubao kwa kidole na kusema, "Risasi ni yako mpaka itakaposimama. Ikimtoka mnyama ikaenda mbele, huko mbele nako ni kwako." Ardis aliandika hayo kwenye daftari. Alipata alama tisini na sita kwa mia, na yule mtoto mchokozi akapata themanini.

Walikwenda Jumamosi ya tatu ya msimu, yeye na Merle peke yao. Waliacha pikapu kwenye barabara ya wakata magogo, wakapanda ndani ya misonobari kukiwa bado na giza la alfajiri. Theluji ilikuwa ya jana, laini. Baada ya nusu saa Ardis akaanza kusikia pumzi za mzee nyuma yake zikikwaruza, na kila akigeuka anamkuta ameinama, mikono juu ya magoti.

"Nenda mbele," Merle akamwambia. "Usinisubiri kama bibi harusi. Njia ni moja tu, hata wewe huwezi kupotea."

"Tupumzike kidogo, Baba."

"Nitapumzika nikifa. Panda."

Walifika kwenye ukingo wa uwanja wa nyasi kulipoanza kupambazuka. Elki walikuwa pale, kumi na watatu Ardis aliwahesabu, wakifukua theluji kwa kwato. Merle akalala kifudifudi ubavuni mwake, darubini machoni. Leseni ya Ardis iliruhusu jike mmoja. Walikaa hivyo muda mrefu, vidole vikifa ganzi, mpaka jike mmoja akajitenga upande wa kulia akasimama ubavu wazi.

"Unamwona?"

"Namwona."

"Nyuma yake kuna nini?"

"Theluji tu."

Merle akaangalia tena kwa darubini yake. Hata yeye aliangalia, hilo Ardis aliniambia mara nyingi. "Haya," akasema mzee. "Toa pumzi. Usiivute hiyo bunduki kama unafungua mlango. Ibonyeze."

Akabonyeza. Yule jike akaruka, akakimbia hatua thelathini, miguu ya mbele ikakunjika, akalala. Kundi lote likaingia msituni kwa kishindo, kisha kimya. Ardis hakujua kama analia au anacheka. Merle akamshika kofia yake ya rangi ya machungwa kwa mikono miwili akamtikisa kichwa kama mtoto. "Umeua, binti! Umeua safi! Gordy alichukua misimu minne kupata wa kwanza, mwambie nimekwambia mimi!"

Walishuka uwanjani. Ardis akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye shingo ya yule mnyama. Bado palikuwa na joto. Merle alishatoa kisu na kuanza kumwelekeza pa kuanzia. Ndipo Ardis akainua macho akaona wekundu juu ya theluji, mahali ambapo mnyama wao hakupita kabisa.

"Baba. Huyu wetu ameangukia hapa. Ile damu ni ya nani?"

Merle akasimama. Walikwenda mpaka pale, wakaona kwamba ule uwanja haukuwa sawa kama ulivyoonekana toka juu. Nyuma ya pale aliposimama jike wa kwanza palikuwa na bonde dogo, la kina cha kiuno cha mtu, na theluji ya ukingo wake ililificha lote. Ndani ya lile bonde palikuwa na alama za mnyama mwingine, amelala pale, kisha akajiburuta.

Walimkuta kwenye misonobari michanga, hatua sitini mbele. Jike mdogo, wa mwaka wa pili labda. Risasi ilimtoka yule wa kwanza ikamvunja huyu uti wa mgongo. Alikuwa amekaa kama mbwa anavyokaa, nyuma kumekufa, mbele anajaribu kusimama, anasimama nusu, anarudi chini. Alipowaona hakupiga kelele. Aliwatazama tu huku akiendelea kujaribu.

Ardis akataka kumpa mzee bunduki. Mzee hakuipokea.

"Maliza," akasema.

"Baba, siwezi."

"Si suala la kuweza. Anaumia. Maliza."

Akamaliza. Kisha akakaa chini kwenye theluji, bunduki mapajani. Ardis ndiye aliyeanza kusema. "Tushuke tupate mtandao, tumpigie Teague."

Merle alikuwa amekaa juu ya gogo, anavua glavu kidole kimoja kimoja. "Nina lebo yangu mfukoni," akasema.

Kila mwenye leseni hupewa lebo moja, kikaratasi anachokifunga kwenye mnyama aliyemwua kwa mkono wake. Kufunga lebo ya mtu kwenye mnyama wa mwingine ni kosa, na kama kuna mtu Kessler aliyewakaririsha watu sheria hiyo kwa miaka thelathini na moja, ni huyo huyo Merle.

"Hukumpiga wewe," Ardis akasema.

"Sikumpiga. Nani anajua?"

"Mimi najua."

"Wewe ni mke wa mwanangu." Akazikunja glavu. "Sikiliza. Teague akija, kuna mahakama, kuna karatasi, na watauliza pia kuhusu yule wa kwanza. Gordy amekaa miaka miwili barazani anatazama barabara. Unataka umpelekee samansi? Na mimi magoti haya hayatapanda tena mpaka hapa mwakani, unaona mwenyewe nilivyokuja. Hii lebo itanioza mfukoni. Nyama haitatupwa. Nani ameibiwa hapo? Niambie, nani?"

Ardis akakubali. "Nilikubali haraka, Wanda," aliniambia baadaye. "Hicho ndicho kinachoniuma. Ningebishana nusu saa ningesema alinishinda. Sikubishana hata dakika tano."

Wakafanya kazi mpaka saa tisa alasiri. Merle alichuna na kukata, Ardis akaburuta mapaja na mabega kwa kitelezi cha plastiki mpaka kwenye pikapu, safari sita. Bahati njia yote ilikuwa mteremko.

Kwenye barabara kuu palikuwa na kituo cha ukaguzi, na aliyesimama pale ni Teague mwenyewe. Alipomwona Merle amekaa kwenye kiti cha abiria akafungua mlango kwa nguvu.

"Mwalimu! Usiniambie!"

"Sikwambii kitu. Nenda nyuma ukaangalie."

Teague akaangalia, akasoma lebo mbili, akapiga mluzi. "Miaka sabini na sita! Na watu wa thelathini wanarudi hapa na vikombe vya kahawa tu. Nani alianza kupiga?"

Merle hakusita. "Yeye. Mimi nikafuatia."

Teague akamshika Ardis mkono, damu na yote, akampongeza kwa elki wake wa kwanza. Akawapiga picha wote wawili nyuma ya pikapu. Ardis anasema kwenye ile picha anaonekana kama mtu anayeumwa jino.

Gordy alikuwa barazani. Aliutazama mzigo ule. Alisimama na fimbo yake na kutikisa kichwa, akitazama mke, akitazama baba. Usiku ule ule Ardis alimweleza ukweli. Gordy akasema, "Baba amefanya kwa ajili yetu. Acha, Ardis. Tafadhali acha."

Akajaribu kuacha. Picha ilifika mgahawani pale mjini, ikabandikwa ukutani karibu na mashine ya kahawa, na watu wakaanza kumnunulia Merle pai. Mwanzoni aliposimulia alisema maneno machache tu: "Alisimama, nikampiga." Baada ya wiki moja pakawa na upepo wa kutoka kushoto. Baada ya siku mbili tena umbali ukafika hatua mia tatu, na goti lilikuwa linamtetemeka, na alimwambia Ardis aende pembeni asije akamziba. Simlaumu sana. Alikuwa mzee aliyekuwa akisahaulika, na sasa meza nzima inamsikiliza. Nadhani kufikia hapo alishaanza kuiamini.

Jumapili moja tukitoka kanisani mimi na Ardis tuliingia pale. Merle alikuwa anasimulia. Akatuona, hakukatisha. Akageuka na kiti chake na kusema, "Msinisikilize mimi, muulizeni Ardis. Alikuwepo."

Nyuso zote zikageuka.

"Nilikuwepo," Ardis akasema. Neno hilo tu. Pai aliyoletewa aliiacha na uma umesimama ndani.

Kesho yake jikoni aliniambia yote, tukiwa na sufuria ya viazi kati yetu. Mimi nilimshauri anyamaze. Hilo nalisema wazi kwa sababu watu hapa baadaye walidhani mimi ndiye niliyemtia maneno. Nilimwambia: yule ni mzee, anaheshimika, amekufanyia wema, mambo yatapita. Ardis akaendelea kumenya.

"Sio sheria, Wanda," akasema. "Ni yule mnyama. Alikaa pale akihangaika, na mimi ndiye niliyemfanyia vile. Sasa inasemekana alikufa kwa risasi moja safi ya Merle, kwa mbali, upepo ukivuma. Hakuna aliyemwona ila sisi wawili, na sisi wawili tumemfuta."

"Ni mnyama, Ardis. Unampika kila siku."

"Najua ni mnyama."

Jumamosi alikwenda kwa Merle. Alimkuta kwenye banda lake la nyuma akisaga nyama ya soseji, aproni imejaa damu, redio inapiga. Alizima redio mwenyewe, jambo ambalo hakuna mtu alikuwa akilifanya kwa Merle.

"Baba, nataka twende kwa Teague."

"Kufanya nini?"

"Unajua kufanya nini. Twende wote. Ukianza kusema wewe, itakuwa nyepesi."

"Nyepesi kwa nani?" Mzee aliendelea kuzungusha mkono wa mashine. "Unajua watanifanyia nini? Wataninyang'anya leseni. Wataninyang'anya darasa. Miaka thelathini na moja, Ardis. Kwa ajili ya kijike kimoja ambacho kimeshakuwa soseji."

"Ulitufundisha mwenyewe..."

"Usinifundishe niliyokufundisha!" Hapo ndipo aliposimamisha mashine. "Nilikufanyia wewe. Mimi nilikuwa na shida gani? Ningeweza kukuacha ukaitwa mahakamani na elki wako wa kwanza. Nilikufanyia wewe na Gordy."

"Najua, na nilikubali. Sitakusingizia. Nitasema nilikubali."

"Ukipiga simu hiyo, usikanyage tena hapa."

Ardis alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia yake. Akasema, "Nitasubiri mpaka Jumatano."

"Subiri hata Krismasi."

Jumatano ilifika. Saa tano na nusu, kabla watoto hawajaingia kula, aliingia kwenye kijiofisi cha stoo, akaacha mlango wazi, nami nikamsikia. Hakusema mengi. "Ni mimi niliyewapiga. Wote wawili. Ndiyo, lebo ni yake, mnyama ni wangu. Ndiyo, nilikuwepo ulipotuuliza." Kisha akatoka, akafunga aproni, akaanza kupakua tambi. Mimi ndiye niliyeangusha sinia.

Teague alifika nyumbani kwao jioni ile. Alivua kofia, akakaa mezani na Gordy na Ardis, hakutaka kahawa. "Ungenipigia siku ile ile toka barabarani," akasema, "tungeandikiana karatasi moja, nyama ingekwenda kwa wenye shida, na ningekupa mkono vilevile. Inatokea. Sasa kuna uongo juu yake, na mliusema mbele ya uso wangu. Yeye aliusema mbele ya uso wangu." Ardis anasema alikuwa na sura ya mtu aliyepigwa. Kutoka hapo alikwenda kwa Merle, na majirani waliliona gari lake limesimama nje ya geti robo saa nzima, taa zimewashwa, kabla ya yeye kushuka.

Mahakama ilimtoza Ardis faini na kumfungia leseni mwaka mmoja. Merle akafungiwa miaka miwili, na ofisi ya wanyamapori ikamwandikia barua kwamba hatafundisha tena. Nyama ya elki wa pili ilichukuliwa, pamoja na soseji zilizokwisha kusagwa. Elki wa kwanza, Ardis na Gordy waliachiwa. Picha ya mgahawani iliondolewa, na hakuna aliyesema nani kaiondoa. Pakabaki alama nne za gundi.

Nitasema mji ulimfanyia nini. Watu walioketi naye benchi moja kanisani walihama benchi. Mama mmoja akaanza kumfungashia mwanawe mkate na jibini ili asile chakula cha Ardis. "Mzee wa watu," walisema, "mzee wa watu, na mkwewe mwenyewe." Wapo waliomshika bega kimyakimya dukani, lakini hao hawakuwa wakisema mbele za watu. Na mimi nilimkasirikia. Wanangu walifundishwa na Merle kutoipiga risasi nyumba ya mtu, hilo silisahau. Wiki mbili tulifanya kazi jikoni tukiongea habari za vitunguu tu. Sijui ni nini kilichonigeuza. Labda ni kumwona akibeba sinia za wale wale watoto walioacha kumsalimia, akiwauliza kama wanataka mchuzi zaidi.

Nyumbani kulikuwa kugumu kuliko mjini. Gordy hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Alikula viazi, akaacha nyama pembeni ya sahani, mwezi mzima. Merle aliendelea kuja kumwona mwanawe, lakini saa za shule tu, Ardis akiwa kazini. "Baba yangu anaingia kwenye nyumba yangu kama mwizi," Gordy alimwambia mkewe. "Anachungulia dirishani kwanza." Ardis akamwuliza kama anataka yeye aondoke. Gordy akasema, "Usiseme upuuzi," akageukia ukuta.

Januari bomba la maji ya moto likapasuka shuleni, tukafunga saa nne asubuhi. Ardis alifika nyumbani akaikuta pikapu ya Merle uani. Alikaa garini akifikiria kuondoka, kisha baridi ikamshinda akaingia. Merle alikuwa mezani na bakuli la mchuzi wa elki mbele yake, Gordy kando yake. Kijiko cha mzee kikasimama njiani, kisha kikaendelea mpaka mdomoni. Akatafuna muda mrefu.

"Imekauka," akasema, bila kumtazama.

"Gordy ndiye aliyeipasha moto," Ardis akajibu akivua buti.

"Mnaniingiza mimi tena," Gordy akasema.

Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyeondoka. Merle alikula nusu, akasukuma bakuli. "Huyu ni yule wa kwanza?"

"Ndiye. Yule mwingine walimchukua."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akavaa koti, akatoka. Tangu siku hiyo akawa anakuja hata Ardis akiwepo, ingawa maneno aliyoyaelekeza kwake ungeweza kuyabeba kwenye kijiko cha chai.

Mwezi wa nne goti lake la kulia likagoma kabisa. Madaktari wa mji wa Missoula wakasema litabadilishwa. Gordy hawezi kukaa garini masaa matatu, na Merle hakuwa na mwingine, kwa hiyo aliyempeleka ni Ardis. Mwendo wa zaidi ya saa mbili hawakuongea ila kuhusu barabara. Theluji ilikuwa inayeyuka, mto umejaa maji ya rangi ya kahawa. Walipofika karibu na mji Merle akasema, akiwa anatazama dirishani:

"Ulinipa siku nne."

"Nilikupa."

"Nilikaa siku zote nne karibu na simu. Jumanne niliishika. Nilibonyeza namba zake zote isipokuwa ya mwisho."

Ardis alipunguza mwendo.

"Bado nina hasira na wewe," mzee akaendelea. "Usifikiri nakuambia haya ili iishe. Watoto wa mwaka huu walifundishwa na kijana wa ofisini anayesoma kitabu neno kwa neno. Nilipita pale nje ya ukumbi nikamsikia."

"Ni mbaya sana?"

"Ni mbaya. Hawamwogopi."

Kisha wakaingia kwenye foleni ya hospitali, na Ardis akazunguka kumfungulia mlango, na Merle akamwambia atashuka mwenyewe, yeye si gunia. Alishuka mwenyewe. Ilimchukua dakika nyingi.

Goti lilipona vizuri kiasi. Sasa anatembea hadi mgahawani bila fimbo, anakaa meza ya pembeni. Kifungo cha leseni yake bado kina msimu mmoja. Cha Ardis kimekwisha mwezi uliopita. Juzi tukiwa jikoni nilimwuliza kama atanunua leseni mwaka huu. Alikuwa anakaanga vitunguu kwenye ile sufuria kubwa, macho yanamtoka machozi ya vitunguu.

"Gordy anataka niende," akasema. "Ameshanitafutia mtu wa kwenda naye, mwenzake wa zamani wa kiwandani."

"Na wewe?"

Akakoroga mpaka vikaanza kubadilika rangi. "Ile siku asubuhi, kabla hatujaona damu ya pili, nilifurahi, Wanda. Sijawahi kufurahi vile maishani mwangu, hata siku ya harusi. Dakika kumi hivi. Sijui niifanye nini hiyo."

Nikamwambia hata mimi sijui. Kengele ikalia, watoto wakaanza kupanga mstari, akaniambia nimletee sahani.